Ubeti wa Mdomoni mwa Tanuri

Alhamisi, tarehe 14 Machi. Mvua nyepesi tangu alfajiri, ikakatika kabla ya saa nne. Mawingu mazito hadi jioni, hakuna upepo. Kuni zote zilizokuwa uani zililowa.

Siku hiyo mwoka mikate wa mtaa wetu alikwenda hospitali kuangaliwa macho, na kwa mara ya kwanza akamwachia binti yake tanuri. Sehemu ya yaliyotokea niliiona mwenyewe nikiwa nimesimama dirishani kusubiri mkate. Iliyobaki nilisimuliwa na binti. Pale ambapo hakukumbuka vizuri, nimepaacha.

Watu wanamwita Mzee Majivu. Hawamdharau kwa jina hilo. Ni kwamba hakuna aliyewahi kuziona nyusi zake zikiwa na rangi nyingine, hata siku za kuvaa shati jeupe. Ni mtu mrefu, mabega yameinama kwa kuchungulia moto zaidi ya nusu ya umri wake. Ukimsalimu anaitika kwa kichwa kwanza, sauti inakuja baadaye.

Mahali pake pa kazi ni chumba kimoja kirefu. Mbele kuna dirisha la kuuzia. Nyuma ya dirisha kuna meza ya kukatia unga, ya mbao ngumu, imebonyea katikati kama kitanda cha mtu mnene. Magunia ya unga yamepangwa ukutani juu ya mbao ili yasile unyevu. Tanuri liko mwisho kabisa, la matofali, na mdomo wake uko chini sana. Mtu mzima lazima apige goti ndipo aone ndani. Nje ya dirisha, chini ya bati lile lile, anakaa fundi baiskeli. Nyundo yake haipumziki, na mdomo wake vilevile.

Mke wa Mzee Majivu alifariki mwezi wa saba mwaka jana. Alikuwa mfupi, mnene kiasi, na sauti yake ilikuwa nzito kuliko umbo lake. Kazi waligawana hivi: mume alikanda unga na kuingiza trei, mke alishika moto. Saa hawakuwa nayo. Mke alipima kwa wimbo. Trei ya mwisho ikishaingia alianza kuimba. Aliuimba wimbo wote mara mbili, akageuza trei, akauimba mara moja tena, na mikate ikatoka. Kuni zikiwa kavu aliuimba upesi. Zikiwa mbichi aliuvuta. Mtu aliyepita barabarani aliweza kujua hali ya kuni za siku hiyo bila kuingia ndani.

Wimbo ulikuwa na beti tatu. Wa kwanza mtaa mzima tuliujua:

*Aliyeko njiani bado hajafika,*
*mlango usifunge, maji yachemke.*

Na wa tatu tuliujua:

*Akifika amechoka mpokee mzigo,*
*usimuulize mbona amechelewa.*

Wa pili hakuna aliyeujua. Kila alipoufikia, mama yule alikuwa ameshapiga goti na kuingiza kichwa mdomoni mwa tanuri ili asogeze makaa. Maneno yote yaliishia humo ndani. Sisi wa nje tulisikia mngurumo tu, kama wa mtu anayeongea ndani ya pipa. Binti yao, ambaye tangu utotoni kazi yake ilikuwa mezani, karibu na dirisha na nyundo ya fundi baiskeli, alisikia mngurumo huohuo. Alipouliza, mama yake alimjibu, "Hayo ni maneno ya kwenye moto. Utayapata siku utakayokuja kushika moto."

Haikutokea hivyo. Binti alisoma, akapata kazi ya kushona sare katika mji mwingine, akakaa huko miaka mingi. Alirudi mama yake alipougua, na wakati huo mama alikuwa ameshaacha kuimba, kwa sababu pumzi ilikuwa haimtoshi. Baada ya maziko hakurudi tena kwenye kazi yake. Alifunga kitambaa kichwani akasimama mezani palepale alipokuwa akisimama akiwa mdogo.

Wiki za kwanza walifanya kazi kimya. Kisha siku moja, akiwa anakata unga, binti akaanza ubeti wa kwanza bila hata kujua kwamba ameanza. Mzee Majivu akaweka trei chini.

"Humu ndani hakuna redio," alisema.

"Baba, ni wimbo wa mama."

"Ndiyo. Ni wa mke wangu. Uache."

"Wa mke wako peke yako? Mimi mliniokota?"

Mzee alitoka nje akakaa kwenye benchi la fundi baiskeli mpaka mikate ikaungua. Kesho yake alinunua saa ya ukutani, akaipigilia msumari juu ya magunia.

Saa ile haikujua kuni kavu wala kuni mbichi. Siku moja mikate ilitoka myeusi, siku nyingine myeupe kama unga wenyewe. Wateja wa zamani waliendelea kununua kwa sababu ya heshima. Fundi baiskeli alikuwa akigonga mkate wake kwenye fremu ya baiskeli na kuuliza kama wanauza na spea. Mzee Majivu alimsikiliza bila kucheka na bila kukasirika.

Lakini lililomsumbua binti halikuwa mikate. Aliniambia kwamba miezi ile alianza kupoteza sauti ya mama yake. Uso aliukumbuka, mikono aliikumbuka, hata namna alivyokuwa akikunja aproni. Sauti ilikuwa inaondoka. Iliyobaki ilikuwa ndani ya wimbo tu, na wimbo wenyewe ulikuwa na shimo katikati, na mtu pekee anayejua kilichomo shimoni ni mzee anayekataa kufungua mdomo. Aliogopa kwamba baba yake naye ataondoka na maneno yale, na yeye atabaki na mwanzo na mwisho.

Aliomba mara nyingi. Aliomba kwa upole, aliomba kwa hasira, aliomba wakati wa chai.

"Nisomee tu, baba. Usiimbe. Nisomee kama gazeti."

"Mama, kunywa chai yako," mzee alimjibu. Humwita hivyo, mama, tangu alipozaliwa.

Sasa turudi kwenye Alhamisi ile. Macho ya Mzee Majivu yalikuwa yakitoka maji tangu mwanzo wa mwaka, na siku mbili kabla alikuwa ameingiza trei akagonga ukuta wa tanuri. Binti alimlazimisha aende hospitali. Mzee alikanda unga asubuhi, akauacha uumuke, akavaa shati jeupe. Mlangoni akageuka.

"Saa ile pale. Mshale mrefu ukizunguka mpaka kwenye sita, geuza. Ukirudi juu, toa."

"Kuni zimelowa, baba."

"Basi ongeza kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

Mzee aliitazama saa, akamtazama binti. "Kidogo," alisema, akaondoka.

Binti aliwasha moto kwa shida. Kuni zilitoa moshi na povu kabla ya kushika. Alikata unga, akajaza vikopo vya kuokea, akaingiza trei zote. Alipofunga mlango wa bati wa tanuri alijikuta peke yake mle ndani kwa mara ya kwanza tangu mama yake afe. Hakuitazama saa. Alianza kuimba.

Mimi nilikuwa nimeshafika dirishani. Ninaweza kusema tu kwamba fundi baiskeli alishusha nyundo, na mwanamke aliyekuwa nyuma yangu na kikapu akasema taratibu, "Jamani, ni kama mwenyewe."

Aliimba ubeti wa kwanza vizuri. Alipofika wa pili alipiga goti mdomoni mwa tanuri, kama alivyomwona mama yake akifanya, na kwa kuwa hakuwa na maneno akaguna. Aliguna kwa kipimo alichokikumbuka tangu utotoni, akainuka, akaimba wa tatu. Mara mbili, akageuza trei. Mara moja tena, akafungua. Mikate ilikuwa imeiva kwa juu, ya rangi ya kahawia, mizuri ajabu. Tulipiga makofi. Yeye mwenyewe alicheka, akafuta jasho kwa mkono wenye unga na kuacha alama nyeupe shavuni.

Fundi baiskeli hupata mkate wa kwanza kila siku, kwa sababu ndiye anayetengeneza magurudumu ya toroli la unga. Aliukata kwa kisu chake ukiwa bado unatoa moshi. Akatazama ndani. Akanyamaza, jambo ambalo si kawaida yake.

"Vipi, fundi?" binti aliuliza.

"Mzuri. Mzuri sana. Ila naomba kijiko."

"Kijiko cha nini?"

"Cha uji huu wa katikati."

Mwanamke mwenye kikapu alimgonga begani. "Wewe nawe! Mtoto anajaribu."

"Shemeji, mimi nimeusifu. Nimepata mkate na uji kwa mkupuo mmoja. Wapi utapata hivyo?"

Binti alichukua ule mkate, akabonyeza katikati kwa kidole. Kidole kikatoka na unga mbichi. Alikata wa pili, ukawa vilevile. Alisimama na kisu mkononi, na furaha yote aliyokuwa nayo muda mfupi uliopita iliondoka usoni pake tukiona.

Ndipo Mzee Majivu akatokea upande wa pili wa barabara, anatembea polepole, jicho moja limefunikwa pamba. Fundi baiskeli alinyakua vile vipande akavitumbukiza ndani ya sanduku lake la spana, akaketi juu yake.

"Karibu, mzee. Pole na hospitali. Wamesemaje?"

"Wamesema moshi," alijibu Mzee Majivu. "Nisiinamie moto tena. Nikiendelea, hata hili lililobaki litafungwa." Akanusa hewa. "Una nini ndani ya sanduku?"

"Spana."

"Spana zinanukia hamira?"

Fundi baiskeli aliinuka, akafungua sanduku, akamkabidhi kipande. Mzee alikisogeza karibu na jicho lake zima. Alitazama ganda, kisha ndani, akabonyeza. Aliingia hadi mezani.

"Hukufuata saa," alisema.

"Hapana, baba."

"Umeimba."

"Ndiyo."

"Kule katikati ulifanyaje?"

"Niliguna tu."

"Kwa urefu gani?"

"Kama zamani. Nilivyokuwa nikisikia nilipokuwa mdogo."

Mzee Majivu aliketi juu ya gunia. Kile kipande cha mkate alikiweka magotini.

"Zamani walikuwa wawili," alisema.

"Kina nani?"

Hapo ndipo alipomweleza, na alimweleza kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeeleza jinsi ya kupanga magunia. Ubeti wa pili ulikuwa wa kutaja watu. Mkewe alikuwa akiuliza ni nani yuko njiani, na kujibu, mmoja baada ya mwingine, wale wake waliokufa. Hakuwataja kama wafu. Aliwataja kama watu waliochelewa kufika. Binti alipokuwa mdogo walikuwa wawili: bibi, mzaa mama, aliyewafundisha wimbo wenyewe, na mtoto wa kwanza wa nyumba ile, wa kiume, ambaye hakumaliza mwaka.

"Alikuwa akimwimba kaka yangu?" binti aliuliza. Alijua kwamba kulikuwa na mtoto kabla yake, lakini hakuwahi kumsikia mtu yeyote nyumbani akimtaja.

"Kila siku. Mikate yote uliyokula utotoni ilitajiwa kaka yako."

Binti aliegemea meza.

Miaka ilipokwenda, mzee aliendelea, ubeti ukarefuka. Akaongezwa babu. Akaongezwa mjomba. Vikopo navyo vilibadilishwa vikawa vikubwa, mikate ikahitaji muda zaidi motoni, na muda huo ulikuwepo kwa sababu watu njiani walikuwa wameongezeka. Hawakuwahi kukaa chini wakapanga hivyo. Kisha akaongezwa muuza kuni.

"Muuza kuni?"

"Alituletea kuni kavu miaka yote, hata masika. Mama yako alisema huyo ni ndugu kuliko ndugu."

"Na bibi mzaa baba? Mama yako?"

"Yumo."

"Si waligombana mpaka siku ya mwisho?"

"Waligombana. Lakini alimtaja." Mzee alifuta jicho lake zima. "Ila alimtaja upesi upesi."

Mwanamke mwenye kikapu alicheka, akajifunika mdomo. Binti naye alicheka, na kicheko chake kikavunjika katikati akawa analia. Baba yake alimwacha alie. Halafu binti akamuuliza swali ambalo nadhani sote pale tulikuwa nalo.

"Sasa kwa nini ulininyima, baba? Miezi yote hii?"

"Kwa sababu nikiuimba itabidi nimuweke."

Hakumtaja aliyemkusudia. Aliinamisha kichwa, na jivu kidogo likadondoka kutoka kwenye nyusi juu ya shati jeupe.

"Nikimuweka," alisema, "basi ameondoka."

Fundi baiskeli alikuwa ameshika nyundo yake kwa mikono miwili kama kofia. Barabarani magari yalipita kama siku zote. Mikate ilikuwa mezani, safu nne, inapoa, na kila mmoja ulikuwa mbichi katikati. Ikipoa kabisa haitafaa tena. Nadhani mzee aliliona hilo kabla yetu. Mwoka mikate haachi kuona mikate hata akiwa na msiba.

Alisimama, akavua shati, akalitundika kwenye msumari.

"Irudishe yote," alisema. "Wimbo mara moja tu utatosha, ila polepole, kuni ni mbichi."

Binti alirudisha trei. Mzee alishuka chini kwa goti moja, mkono ukutani.

"Baba, wamesema usiinamie moto."

"Wamesema. Leo ni mara ya mwisho. Njoo hapa. Karibu zaidi, hutasikia ukikaa huko."

Binti alipiga goti kando yake. Vichwa vyao viwili vilijaa mdomoni mwa tanuri, bega kwa bega. Ubeti wa kwanza ulitufikia wote, sauti ya mzee ikiwa imepasuka na imepanda juu mno. Kisha wakainama, na ukaanza ule mngurumo. Yaliyosemwa humo ninayajua kwa sababu binti aliniruhusu kuyaandika:

*Nani yuko njiani? Mama yuko njiani.*
*Nani yuko njiani? Mwanangu yuko njiani.*

Mama ni yule mzaa mama, na mwanangu ni yule mtoto. Mzee aliacha maneno kama mkewe alivyoyaweka. Akaja babu, akaja mjomba. Akaja mama wa mzee mwenyewe, na binti anasema kweli, hapo wimbo ulikimbia. Akaja muuza kuni. Kisha mzee akauliza tena, *nani yuko njiani*, akakwama.

Kutoka dirishani tuliona migongo yao tu. Mngurumo ulikatika. Moto ulisikika ukipasua kuni mbichi. Mwanamke mwenye kikapu alinishika mkono bila kujua amemshika nani. Binti ananiambia kwamba alikuwa na neno tayari mdomoni, angeweza kumsaidia, lakini alijizuia, kwa kuwa hakuwa yeye aliyeulizwa. Alimtazama baba yake. Lile jicho lililo wazi lilikuwa likitazama makaa, wala halikufumba.

Mzee aliuliza tena, kwa sauti ndogo zaidi. *Nani yuko njiani?*

*Mwenzangu yuko njiani.*

Ndivyo alivyokuwa akimwita nyumbani. Aliliimba neno hilo polepole kuliko yote, akalivuta mpaka pumzi ikaisha. Kisha wakainua vichwa pamoja, wakaimba ubeti wa tatu, baba na binti, na humo binti aliongoza kwa sababu mzee sauti ilikuwa imekwisha.

Walipotoa mikate, mzee aliukata mmoja. Alibonyeza katikati. Akaugawa vipande, akatugawia tuliokuwepo, na tukala tukiwa tumesimama. Fundi baiskeli alitafuna kipande chake chote kabla ya kusema lolote.

"Umeiva, mzee," alisema mwishoni.

"Umeiva," alikubali Mzee Majivu.

"Wewe utamwita utakavyomwita," mzee alimwambia binti yake walipokuwa wakifagia. "Mimi nimemwita ninavyomwita mimi."

Ijumaa, tarehe 15, kulipambazuka jua. Mzee Majivu aliamka kabla ya binti, akapasua kuni zilizobaki, akazianika juu ya bati. Alikanda unga. Alikunywa chai na binti yake bila haraka. Unga ulipoumuka alichukua kisu cha kukatia, akasimama mezani, upande wa dirishani, mahali ambapo miezi yote ile alikuwa akisimama binti, akaanza kukata vidonge vya unga na kuvipanga. Viwili vya kwanza havikulingana. Alivirudisha akavikata upya. Binti alipoingiza trei ya mwisho, akaimba ubeti wa kwanza na kupiga goti, mzee aliacha kisu kitulie ili asikie, na kwa kuwa nyundo ya nje ilikuwa ikigonga, alitoa kichwa dirishani akamwomba fundi baiskeli asubiri kidogo.